Majina ya Iringa yaandikwe wazee wangali hai

Mhariri,

Kamwene. Naanza na salamu ya kwetu kwa sababu barua hii inatoka kwetu Iringa, kwenye baridi ya mwezi wa saba, nikiwa nimejifunga khanga mbili juu ya sweta na jiko la mkaa liko miguuni. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Gazeti lako nalisoma tangu enzi za marehemu mume wangu. Alikuwa akirudi nalo jioni, ananisomea habari huku mimi nasonga ugali. Kuandika ndiyo mara yangu ya kwanza, kwa hiyo nikikosea mpangilio mnisamehe.

Mimi ni msusi wa vikapu vya milulu, majani ya bondeni tunayosukia, nina miaka 63, na naishi Kihesa. Kazi hii nilifundishwa na mama yangu, ambaye kwao ni upande wa Kalenga.

Kilichonikalisha chini kuandika ni daftari la mjukuu wangu. Yuko darasa la tano. Mwalimu wao aliwapa kazi ya nyumbani: taja mambo matano ya urithi wa mahali unapoishi. Akaandika Mlima Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Bonde la Olduvai. Akaniletea nione mwandiko wake, maana anajua napenda mwandiko mzuri. Nikamuuliza, "Baba, wewe unaishi Ngorongoro?" Akanijibu bila kusita, "Bibi, hapa kwetu hakuna kitu. Vitu vyote viko kule."

Usiku ule usingizi haukuja. Mtoto simlaumu, wala mwalimu wake simlaumu, maana ana watoto wengi darasani na vitabu vinavyomfikia ndivyo vinavyosema hivyo. Nilijilaumu mimi. Mtoto huyu nimembeba mgongoni nikipita Gangilonga, nimempitisha Kitanzini na Miyomboni akiwa hajajua kutembea, na miaka yote hiyo sikumwambia hata siku moja majina hayo yametoka wapi. Nilidhani anajua, kama mimi nilivyojua, kwa kusikia wakubwa wakizungumza. Lakini wakubwa waliokuwa wakizungumza wamekwisha, na sisi tuliobaki jioni tunatazama televisheni.

Jumamosi iliyofuata sikwenda sokoni. Nikamwambia avae viatu, achukue daftari na kalamu, tukatoka.

Tulianza na jiwe la Gangilonga. Kwa msomaji asiyefika Iringa, hili ni jiwe kubwa lililo mlimani pembeni mwa mji, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Mtaa wote unaolizunguka umechukua jina hilo. Tulipanda polepole kwa ajili ya magoti yangu. Juu pale mji unauona wote: mabati, minara, miti ya jakaranda, na milima imeuzunguka. Mjukuu akauliza jiwe linaongea nini. Nikamweleza kama nilivyoelezwa na baba yangu, kwamba Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, alikuwa akija kukaa pale kutafakari, na jiwe likimjulisha adui anatokea wapi. Akanitazama kwa mashaka, maana watoto wa siku hizi wanataka ushahidi. Nikamwambia tukae kimya kidogo. Upepo ukapita kwenye mwanya wa jiwe, ukatoa sauti nene kama mtu anayepuliza chupa tupu. Mtoto akaweka kalamu chini. Sikuongeza neno.

Kilichoniuma pale juu ni maandishi. Watu wamepanda na rangi wakaandika majina yao na ya wapenzi wao juu ya jiwe. Vipande vya chupa vimezagaa penye mahali pa kukaa. Nikawaza, hawa vijana wameona jiwe halina jina ndiyo maana wameliandika yao. Laiti wangekuta pameandikwa ni mahali gani hapa, nadhani wengine mkono ungesita.

Tukashuka mjini. Miyomboni ilikuwa rahisi: miyombo ni miti, na mahali palipokuwa na miyombo pakaitwa Miyomboni. Akaandika upesi akafurahi, kwa sababu alidhani majina yote yatakuwa hivyo. Halafu tukafika Kitanzini.

Akaniuliza, "Kitanzi cha mbuzi, bibi?"

Nikamshika mkono tukasogea pembeni, bajaji zisitugonge. Nikamwambia ni kitanzi cha watu. Wazee wetu walitueleza kwamba hapa ndipo Wajerumani walipowanyongea watu wetu. Mtoto akageuka akatazama huku na huku: vibanda, wauza viatu vya mitumba, mama wa maandazi, vijana wamekaa juu ya pikipiki wakicheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Hapa hapa?" Nikamwambia hapa hapa. Akauliza walikuwa wangapi na walikuwa akina nani. Mhariri, swali hilo mtoto wa miaka 11 aliniuliza katikati ya barabara, nami nina miaka 63 katika mji huu, sikuwa na jina hata moja la kumpa.

Mwendo mfupi kutoka hapo yapo makaburi ya vita vya dunia. Tulipita. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mstari, na wamelala pale Waingereza na Wajerumani, waliopigana wenyewe kwa wenyewe katika ardhi yetu. Majina yamechongwa kwenye jiwe, moja moja. Sina kinyongo na marehemu hao, walikuwa watoto wa watu na mama zao walilia. Naona ni jambo jema sana kwamba wameandikwa. Ila nilitoka Kitanzini dakika chache nyuma, na Kitanzini sijapata kuona kibao.

Nirudi nyuma kidogo niseme jina la mji wenyewe, maana hata watu wazima wa Iringa nimewakuta hawalijui. Iringa limetoka katika neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Na ngome hiyo haikuwa hapa mjini. Ilikuwa Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, kilomita kama 15 kutoka hapa, boma la mawe la Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwavizia Wajerumani Lugalo, njia ya kwendea Dar es Salaam, wakamuua kamanda wao Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya askari wake. Wasomaji wa Dar es Salaam mnaopita kambi ya Lugalo na hospitali yake kila siku, jina hilo mlichukua kwetu. Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 walirudi na mizinga chini ya gavana wao Friedrich von Schele, akiwemo Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, wakaivunja Kalenga. Mkwawa akatoka, akaendelea kupigana porini miaka karibu minne. Nao Wajerumani mwaka 1896 wakajenga mji wao huku juu mlimani, wakauita Iringa. Ngome ilivunjwa kule, jina likahamishiwa huku. Ndiyo maana mimi nasema mji wetu wenyewe ni jina lililobebwa likapandishwa mlimani, na mtoto anayekaa ndani yake ana haki ya kujua lilibebwa kutoka wapi.

Wiki iliyofuata tukapanda gari kwenda Kalenga. Kule ndani ya makumbusho, kwenye sanduku la kioo, lipo fuvu. Mjukuu alisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilimsimulia kwamba serikali ya Kijerumani ilitoa ahadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa, na kwamba tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa, Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe asishikwe akiwa hai. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwili uko Mlambalasi, njia ya kwendea mbuga ya Ruaha. Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaiagiza Ujerumani irudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35.

Siku lilipoletwa, tarehe 19 Juni 1954, baba yangu alikuwepo. Alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Gavana Edward Twining alilileta mwenyewe, likapokelewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Baba hakupenda kusimulia hotuba. Alichokuwa akisimulia ni baridi ya asubuhi ile, na kwamba alisimama nyuma ya mzee mmoja aliyejifunika blanketi, na yule mzee alikuwa akinong'ona peke yake tangu asubuhi. Baba akasogea asikie. Alikuwa akitaja majina. Mtu na baba yake, mtu na baba yake, waliokwenda na Mkwawa wasirudi. Baba alisema alisikiliza mengi lakini akiwa kijana hakuona sababu ya kuyashika. Uzeeni alikuwa akilirudia jambo hilo kila mara, kwamba angeyashika. Alifariki nayo hayapo.

Ndiyo maana naandika. Kuna vitu vya urithi wetu ambavyo haviibiki kirahisi. Isimila iko pale pale, kilomita kama 20 kwa njia ya Mbeya, na zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na wataalamu walikwisha kuchimba na kuandika tangu miaka ya 1950. Boma la Wajerumani pale mjini, lililokuwa ofisi za serikali, tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho chini ya Chuo Kikuu cha Iringa, na ninawashukuru kwa moyo wote, kwa sababu nilipoingia mara ya kwanza nikakuta vyombo alivyotumia bibi yangu vimewekwa kwa heshima kama vya mfalme. Hivyo vina wenyewe. Lakini jina la mtaa halina sanduku la kioo. Linakaa kichwani mwa mzee, na mzee akifa Jumanne, Jumatano halipo.

Naomba niseme na kuhusu vikapu, maana ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Milulu huota mabondeni, penye maji, karibu na vinyungu, zile bustani zetu za mabondeni. Tunaikata, tunaianika, halafu siku ya kusuka unailowesha na kuifunika kwa kitambaa kibichi, kwa sababu ikikauka inakatika na ikiloa sana kikapu kinalegea baadaye. Unaanza na kitako. Ukikosea kitako, hata ukisuka wiki nzima kikapu hakitasimama, kitainama kama mlevi. Mama yangu alikuwa akigeuza kitako changu juani, akiona mwanga unapita anafumua chote bila kusema neno, ananirudishia. Nililia sana mwaka ule. Siku hizi namfanyia mjukuu wangu wa kike vilevile, naye analia. Rangi tulipata kwa kuchemsha mizizi na magome ya miti, na mama alijua mti gani unatoa rangi ipi na uko bonde lipi. Kikapu alichokuwa akikithamini kuliko vyote ni kile alichopelekea unga msibani, kwa sababu huko wanawake wote watakiona na kila mmoja anajua mkono wa mwenzake. Hakuhitaji kuandika jina lake. Mkono ulijulikana.

Sasa hivi vikapu vyetu vinatembea dunia. Miaka michache iliyopita mfanyabiashara mmoja alinunua kwangu vikapu 40, akanilipa vizuri, sina malalamiko ya bei. Baadaye nilikwenda Dar es Salaam kumuuguza dada yangu, tukapita duka moja la zawadi, nikaviona. Nilikitambua kimoja kwa ukingo wake, kwa sababu pale milulu ya rangi ilinipungukia nikamalizia na ya asili. Kimefungiwa kikaratasi. Nikamwomba mpwa wangu anisomee kilichoandikwa. Kilitaja Afrika. Hakikutaja Iringa, hakikutaja milulu, wala mwanamke yeyote. Nilikirudisha pale juu ya rafu taratibu. Yule binti wa dukani akaniuliza, "Mama, umekipenda?" Nikamwambia nimekipenda.

Basi ombi langu kwa wanaohusika, yaani halmashauri ya manispaa yetu, wenyeviti wa serikali za mitaa, shule na ninyi wa magazeti, ni moja. Majina ya Iringa yaandikwe. Kila mtaa, kila jiwe, kila mto, papatikane kibao chenye jina na maana yake, kwa Kihehe na kwa Kiswahili, na chini yake jina la mzee aliyesimulia. Sisemi tujengewe jumba. Kibao cha saruji anaweza kukitengeneza fundi yeyote wa Ipogolo kwa asubuhi moja. Kazi kubwa ni kukaa na wazee, na hiyo hata watoto wa shule wanaweza, kwa sababu mzee humfungukia mtoto kuliko anavyomfungukia ofisa mwenye fomu. Mwalimu akitoa ile kazi ya urithi wa mahali unapoishi, awatume barazani kwanza, vitabu vifuate.

Najua yupo atakayesema Iringa ya leo si ya Wahehe peke yao. Ni kweli, na ninakubali kabisa. Maduka mengi ninayonunua sukari ni ya Wakinga. Majirani zangu wawili ni Wabena. Saa niliyokuwa nikiitegemea nikiwa binti sokoni ni ile ya jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Uhindini ni jina la mji huu vilevile, na Wagiriki waliolima tumbaku walikuwa hapa. Nao waandikwe. Mwenye habari ya babu yake alivyofika na mzigo kichwani akafungua duka la kwanza, aje aseme. Mji ni wa wote waliozika ndugu zao humo.

Yupo pia atakayesema vibao havijazi tumbo. Kwake nasema hivi: kila siku mabasi ya Mbeya na Dar es Salaam yanapita pale chini Ipogolo. Abiria wananunua vitunguu dirishani, wanaendelea na safari. Hawapandi mlima kuja mjini, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba huku juu kuna jiwe linaloongea. Lakini hata wasipopanda, hata isipoingia shilingi moja, bado nataka mjukuu wangu ajue anakanyaga wapi.

Nimalizie na jambo moja linalonisumbua, labda gazeti lako litanisaidia. Katika mzunguko wetu tulipita Mshindo. Mtoto akauliza, mshindo wa nini? Nilimpeleka kwa wazee wawili ninaowaheshimu, wote wamekaa mtaa ule tangu ujana wao. Tuliwaamkia, tukakaribishwa viti. Kila mmoja alitupa habari yake, na habari hizo mbili hazifanani hata kidogo. Tuliporudi nyumbani mjukuu alifungua daftari, akaandika neno Mshindo, akaweka nukta mbili, kisha akaacha mistari minne mitupu. Mwalimu ameshasahihisha kazi ile na kumpa alama zake, lakini mistari ile bado anaitunza, haandiki kitu juu yake.

Kama yupo msomaji mzee, popote alipo, aliyesimuliwa na waliomtangulia kwa nini pale panaitwa Mshindo, namwomba aliandikie gazeti hili, au akipita Iringa aje Soko Kuu siku ya Jumamosi aulize bibi wa vikapu vya milulu. Nitamtengea kiti, na mtoto atakuja na daftari.

Bibi Msusi wa Vikapu,
Kihesa, Iringa